Jengo Lina Mfadhili, Muuguzi Je?

Mwaka 2000 hivi, watu wa kijiji cha Lwala, Kamagambo Kaskazini, upande wa Rongo katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Migori, waliuza kuku, mbuzi na ng'ombe hadi wakapata takriban dola 900. Pesa hizo zilikuwa za tiketi ya ndege. Kijana wao Milton Ochieng', aliyesoma Shule ya Upili ya Alliance, alikuwa amepata ufadhili wa masomo katika Chuo cha Dartmouth, Marekani. Karo alilipiwa, nauli hakuwa nayo. Kijiji kikamlipia, na hakikumwandikisha mkataba wala kumdai riba. Kilimwomba tu asikisahau.

Hakukisahau. Mdogo wake Fred alimfuata Dartmouth, kisha wote wawili wakasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, mjini Nashville. Wakiwa bado masomoni waliwapoteza wazazi wote wawili kwa ukimwi. Baba yao, Erastus, alikuwa mwalimu, na kwa miaka alikuwa na ndoto ya zahanati kijijini, maana mgonjwa wa Lwala wakati huo alisukumwa kwa toroli au kupakiwa kwenye baiskeli mpaka barabarani, na kutoka hapo akangoja matatu. Vijana wakaichukua ndoto ya mzee. Walipita vyuoni na makanisani wakiomba, wanafunzi wenzao wa Dartmouth wakaja kusaidia ujenzi, shirika la Blood:Water Mission lililoanzishwa na wanamuziki wa bendi ya Jars of Clay likatia mkono. Aprili 2007 zahanati ikafungua milango. Mwaka uliofuata ikatoka filamu, Sons of Lwala, na Wamarekani wengi wakaimwagia machozi.

Sina ugomvi na machozi hayo. Ila masimulizi ya aina hii huwa na tabia ya kukoma siku utepe unapokatwa, na mimi nadhani sehemu inayostahili kusimuliwa katika kaunti zetu za Migori na Homa Bay inaanzia siku ya pili yake, wageni wakishaondoka na hema la kukodi likishakunjwa. Asubuhi hiyo muuguzi anaripoti kazini. Nani anamlipa? Mwezi ujao atamlipa nani? Na miaka kumi na minane baadaye?

Tazama tunavyotoa. Tangu Mzee Kenyatta alifanye neno harambee kuwa wimbo wa taifa jipya mwaka 1963, tumejifunza kuchangia kitu kinachoonekana. Darasa, bati, tangi la maji, wadi. Mtoto wa kijiji akishakuwa daktari Nairobi au ng'ambo, wazee humwendea na ombi ambalo karibu kila mara ni la jengo, naye hufurahi kwa sababu jengo lina ukuta, na ukuta hupokea kibao chenye jina. Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge ilipoanzishwa mwaka 2003 iliikuta tabia hii tayari na kuinenepesha. Wabunge walijenga zahanati kama wanaopanda mahindi. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, mwaka baada ya mwaka, kaunti baada ya kaunti, zinataja vituo vya afya vilivyokamilika na kupakwa rangi lakini havina mhudumu, havina dawa, havina stima. Popo hawana neno. Wao wamehamia bure.

Majengo ya kupewa hata majina yake hayatutoki. Kule Kisumu, hospitali kubwa iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti na kufunguliwa mwaka 1969, siku ambayo damu ilimwagika mjini, ilishabadilishwa jina zaidi ya mara moja na leo ni ya Jaramogi Oginga Odinga. Lakini mwambie mhudumu wa boda akupeleke "Russia" uone kama atakuuliza ni wapi. Warusi walijenga mara moja, wakashukuriwa kwa zaidi ya nusu karne. Mishahara ya hapo imelipwa na walipa kodi wa Kenya kila mwezi, wala sijasikia wadi iliyoitwa kwa jina la mlipa kodi.

Ndugu wawili wa Lwala wangeweza kuishia kwenye ukuta na kibao, na hakuna ambaye angewalaumu. Hawakuwa matajiri. Walikuwa wanafunzi wa udaktari, yatima, wenye wadogo wa kuangalia. Kinachonifanya nivue kofia ni kwamba taasisi waliyoianzisha, Lwala Community Alliance, haikuitwa kwa jina lao wala la baba yao. Iliitwa kwa jina la kijiji. Ikawekewa bodi, wakurugenzi wa kuajiriwa, wahasibu, na daftari la mishahara. Waasisi waliendelea na udaktari wao Marekani. Hospitali ikaendelea na kazi bila wao kuwepo. Kwa watu wetu, ambao hupenda mradi uwe na mwenyewe wa kumwendea nyumbani usiku, hili si jambo jepesi.

Na daftari hilo la mishahara lina majina ambayo hayakutarajiwa. Tuanze na nyamrerwa, mkunga wa jadi wa Kijaluo. Kwa vizazi vingi yeye ndiye aliyepokea watoto wa vijiji hivi. Alilipwa kwa kuku, sabuni, kitenge, au shilingi kidogo zikipatikana, na kazi yake ilikuwa heshima yake. Serikali ilipoanza kusisitiza kuwa akina mama wajifungulie hospitalini, mahali pengi ilimfanyia nyamrerwa jambo moja tu: ilimkataza. Mtu ukimkataza kazi inayomlisha bila kumpa nyingine, ataifanya gizani. Mama mjamzito naye atamfuata hukohuko gizani, kwa sababu anamwamini, anakaa jirani, na hamfokei.

Lwala walimwendea kwa njia nyingine. Walimwita, wakamfunza, wakamtia kwenye timu ya wahudumu wa afya ya jamii, wakamlipa. Kazi yake sasa ikawa kumgundua mama mjamzito mapema, kabla hata majirani hawajaanza kunong'ona, kumsindikiza kliniki, kumkumbusha tarehe, na uchungu ukianza kuhakikisha amefika hospitalini. Alichokuwa nacho siku zote, yaani kuaminiwa, kikawa ndicho anacholipiwa. Pamoja naye wakawekwa wahudumu vijana wanaojua kusoma na kuandika vizuri, wenye orodha ya kila nyumba: nani ana mtoto wa chini ya miaka mitano, nani hajachanjwa, nani ana homa tangu juzi, nani ameacha kumeza dawa za kupunguza makali ya virusi. Na juu yao msimamizi, ambaye kazi yake ni kuhakikisha ziara hizo zimefanyika kweli, hazikuandikwa chini ya mwembe.

Ukiitazama kwa haraka utadhani ni kazi ndogondogo. Lakini angalia ilipoanzia. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2008-09 ulionyesha kuwa katika mkoa wa Nyanza, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 149 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Wastani wa nchi ulikuwa 74. Maana yake mtoto wa Nyanza alikuwa katika hatari maradufu ya mtoto wa Mkenya wa kawaida. Ulipofanywa tena mwaka 2014, Nyanza ilikuwa imeshuka hadi 82, nchi 52. Takwimu za Lwala wenyewe, zilizotokana na kupita nyumba kwa nyumba katika eneo lao la mwanzo, zimewahi kuonyesha takriban vifo 30 kwa kila watoto 1,000, na zaidi ya asilimia 90 ya akina mama wakijifungulia hospitalini. Shirika likijipima lenyewe ni haki kulisoma kwa jicho la pembeni. Hata hivyo, ukiwapunguzia robo nzima ya sifa, bado wana cha kuwafundisha waliojenga na kuondoka.

Kutoka damu baada ya kujifungua ndiko kunakoua akina mama wengi zaidi nchini. Mama anaweza kuisha kwa muda mfupi kuliko safari ya pikipiki kutoka kijijini hadi hospitali ya rufaa wakati wa mvua, barabara za miwa zikiwa tope. Lwala wamekuwa wakisambaza katika vituo vya Migori vazi maalumu la kubana miguu na tumbo, ambalo hurudisha damu kwenye moyo na ubongo na kumnunulia mama saa kadhaa za uhai hadi amfikie daktari. Vazi hilo linafuliwa na kutumiwa tena. Linahitaji mtu aliyefunzwa kulivalisha, na mwingine wa kulirudisha kituoni baada ya mgonjwa kufika hospitali kubwa, na hapo tumerudi kwenye daftari la mishahara.

Nitoke kidogo Nyanza. Wajerumani wa mji wa Frankfurt wana daktari wao ambaye, tofauti na vijana wa Lwala, alikuwa na mali hasa. Johann Christian Senckenberg alizaliwa hapo mwaka 1707, akaoa mara tatu, wake wote wakafa, watoto nao wakafa wakiwa wachanga. Mwaka 1763, akiwa hana wa kumrithi, alitoa mali yake yote, Gulden 95,000, kuanzisha wakfu kwa ajili ya afya ya watu wa mji wake na maendeleo ya elimu ya tiba. Ukajengwa ukumbi wa mafunzo ya anatomia, ikapandwa bustani ya mimea, ikaanzwa hospitali ya raia. Mwenyewe hakuiona ikikamilika. Novemba 1772, akikagua ujenzi, alianguka kutoka juu ya jengo hilohilo akafa. Hospitali ilifunguliwa mwaka 1779 na ingali inatibu watu mpaka leo, zaidi ya miaka 240 baadaye.

Kitu cha kutazamwa katika habari ya Senckenberg ni karatasi. Hakuwaamini wakubwa wa mji wake hata kidogo, kwa hiyo aliandika hati yenye masharti makali: mali ya wakfu isichanganywe kamwe na hazina ya mji, na usimamizi uwe mikononi mwa watu maalumu, wakiwemo madaktari. Mtaji haukuguswa, yaliyotumika ni mapato yake. Mji umepita katika vita, himaya zimekufa, sarafu imegeuka takataka na kubadilishwa, na wakfu ule haukufa. Ndugu zetu wa Mombasa na Lamu hawatashangaa. Wao wanajua siku nyingi kwamba nyumba ikiwekwa wakfu kodi yake ndiyo inayofanya kazi, si nyumba yenyewe, na Kenya ilitunga sheria ya makamishna wa wakfu mwaka 1951. Ni sisi wa huku bara, na hasa sisi wa ziwani, ambao tumebaki na mazoea ya kutoa mkupuo mmoja mbele ya kipaza sauti.

Lwala hawana mtaji wa Senckenberg, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Fedha zao nyingi hutoka kwa wafadhili wa Marekani, mashirika na watu binafsi, ambao lazima waombwe tena mwaka ujao na mwaka wa baadaye. Wamefanya hivyo kwa ustadi tangu 2007. Lakini sote tuliona Januari 2025 jinsi sahihi moja huko Washington inavyoweza kutikisa kliniki zilizoko ng'ambo ya bahari. Misaada ya serikali ya Marekani iliposimamishwa, wahudumu wa miradi ya virusi vya ukimwi nchini walipokea barua za kuacha kazi, na hakuna mahali barua hizo zilipouma kama Homa Bay. Utafiti wa kitaifa wa 2018 uliikuta kaunti hiyo na maambukizi ya asilimia 19.6 kwa watu wazima, ya juu kuliko kaunti zote, Migori ikiwa na 13, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.9.

Homa Bay ilishapitia somo hili na haikulichukulia kwa uzito. Madaktari Wasio na Mipaka walianza kazi ya ukimwi huko mwaka 1996, na mwaka 2001 wakaanza kutoa dawa za kupunguza makali bila malipo katika hospitali ya serikali ya wilaya, jambo ambalo wakubwa wengi wa dunia walisema haliwezekani Afrika. Mwaka huohuo kampuni ya Cipla ya India ilikuwa imetangaza kuwauzia dawa hizo kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, badala ya dola 10,000 na zaidi, na Bunge la Kenya likapitisha sheria ya kuruhusu dawa za bei nafuu kuingia. Watu waliokuwa wamechongewa majeneza wakainuka wakaenda shambani. Ila kila aliyekuwa na macho alijua kwamba siku moja wageni watakabidhi funguo. Robo karne ilitosha kabisa kujipanga.

Najua wapo watakaoniambia kwamba tatizo ni hisani yenyewe: daktari akijenga, gavana anapumzika. Afya imekuwa mzigo wa kaunti tangu ugatuzi wa 2013, wasema, kwa nini basi mtoto wa mtu achange? Hoja hii ina ukweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba serikali yetu imejifunza mambo mengi kwa kuwatazama waliotangulia kuyafanya. Kwa miaka mingi wahudumu wa afya ya jamii nchini walifanya kazi kwa ahsante na fulana. Lwala ni miongoni mwa walioshikilia kwamba watu hawa wafunzwe, wapewe vifaa, wasimamiwe, walipwe. Septemba 2023, Rais Ruto alizindua mpango wa wahudumu 100,000 wenye mikoba ya vifaa na simu, kila mmoja akiahidiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Mwaka huohuo ikapitishwa Sheria ya Afya ya Msingi inayowatambua. Posho yenyewe mara nyingi huchelewa, na nusu ya kaunti huchelewa zaidi. Lakini leo mhudumu asiyelipwa ana sheria ya kuonyesha, si fulana.

Sasa niwaambie madaktari wetu, wale wa Nairobi wenye kliniki zao, wale wa Minnesota na Manchester wanaorudi Desemba na masanduku mawili mawili. Mhudumu mmoja wa afya ya jamii anagharimu, kwa kiwango cha serikali, shilingi 60,000 kwa mwaka. Hati fungani za serikali zikilipa hata asilimia 12, na kuna miaka ya karibuni zimelipa zaidi, mtaji wa shilingi 500,000 unatoa kiasi hicho kila mwaka bila kumegwa. Nakubali mfumuko wa bei utaula polepole, kwa hiyo anza na 800,000 na uache sehemu ya faida irudi kwenye mtaji. Sheria ya wadhamini iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2021 imerahisisha kuunda amana za namna hii, na Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyongoja tangu 2013, ilianza kutumika Mei 2024. Wakili anayeijua kazi yake ataandika hati ndani ya wiki chache, na aandike alivyoandika Senckenberg: mbunge asiiguse, gavana asiiguse, watoto wa mfadhili wasiiguse.

Laki nane. Katika mazishi makubwa ya huku kwetu, ukijumlisha mahema, ng'ombe, muziki, jeneza la vioo na magari ya kutoka Nairobi, kiasi hicho huisha kabla ya Jumapili, na wanaochanga huwa ni haohao madaktari. Siwaombi waache kuzika. Watu kumi waliotoka Ndhiwa au Mbita au Uriri, wenye taaluma na mapato mazuri, wakiamua kila mmoja kuweka mtaji wa mhudumu mmoja, lokesheni nzima inapata watu wa kupita nyumba kwa nyumba bila kungoja hazina ya kaunti. Hakutakuwa na siku ya kuzindua. Gavana hatakuwa na sababu ya kuja, na mfadhili hatapewa kiti cha mbele wala blanketi la kuvishwa mabegani. Atapokea barua pepe moja kwa mwaka kutoka kwa mhasibu, ikimweleza kwamba mhudumu amelipwa miezi yote 12, na kwamba bei ya hati fungani imebadilika.